Mwosha Aliyeoshwa kwa Marashi

Aghalabu wanaume wanapoisimulia filamu ya Boomerang huisimulia kwa furaha ya watu walioiona haki ikitendeka: palikuwa na kijana mzuri wa sura, mwenye kipato, maneno matamu na moyo mgumu, aliyewachezea wanawake apendavyo, mpaka siku moja akakutana na mwanamke aliyemtenda yeye kama alivyokuwa akiwatenda wengine, akaungulika, akatubu, akapata mchumba mwema, na mwosha akawa ameoshwa. Sikatai kwamba kisa kinaweza kusimuliwa hivyo, wala sikatai kwamba kinachekesha. Lakini nina shaka kubwa juu ya hiyo haki inayosifiwa, na nadhani wengi wetu tumeicheka filamu hii miaka mingi pasina kutazama vizuri ni nani hasa aliyelipa gharama ya kicheko chetu.

Filamu yenyewe ilitolewa na kampuni ya Paramount tarehe 1 Julai 1992. Mwongozaji wake alikuwa Reginald Hudlin, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amejipatia jina kwa filamu ya House Party. Maneno ya wachezaji yaliandikwa na Barry Blaustein na David Sheffield. Lakini hadithi ni ya Eddie Murphy mwenyewe, na jambo hilo si dogo. Katika Raw ya mwaka 1987 Murphy alisimama jukwaani peke yake, katika suti yake ya ngozi, akawasimanga wanawake kwa kirefu kuwa ni watu wa kuvizia mali ya waume, na ukumbi mzima ukacheka pamoja naye. Basi mtu yule yule, baada ya miaka mitano, akiwa bado katika kilele cha sifa, alipoketi akajitungia kisa ambacho ndani yake yeye ndiye wa kuchekwa, yeye ndiye wa kungoja, na yeye ndiye wa kudharauliwa mbele ya rafiki zake, alifanya jambo ambalo wenye ghururi hawalifanyi kwa urahisi, na insafu inatulazimu tumpe sifa hiyo kabla ya kumtoa makosa.

Murphy anamcheza Marcus Graham, ofisa wa matangazo katika kampuni ya vipodozi mjini New York. Nguo zake zimekatwa na fundi anayeijua kazi yake, nyumba yake imepangwa kwa shabaha ya wageni wa usiku, na anaingia ofisini kama mtu aendaye kukagua shamba lake. Ghururi ya Marcus haielezwi kwa hotuba, bali kwa tendo moja dogo ambalo kila aliyeiona filamu hii analikumbuka. Amemwandama mwanamke mmoja aitwaye Christie, anayechezwa na Lela Rochon, kwa hadaa na heshima za uongo, mpaka amempata. Na mwanamke yule akiwa amelala usingizi, Marcus ananyanyua ncha ya shuka polepole, kama karani afunuaye hati ya siri, ili aitazame miguu yake. Vidole havikumridhisha. Murphy hasemi neno hapo: macho yanamtoka, uso unajikunja, shuka linarudishwa mahali pake kwa adabu zote, na mapenzi yamekwisha. Hapana kosa alilotenda bibi yule isipokuwa kuwa na vidole vyake mwenyewe, lakini hukumu imekwisha kutolewa na hakimu asiyeulizwa sheria yake ameipata wapi.

Mtu wa namna hii si mgeni katika michezo ya kuigiza ya ulimwengu. Mtawa wa Kihispania aliyejulikana kwa jina la Tirso de Molina alimleta Don Juan jukwaani mapema katika karne ya 17; Molière akamchukua akampeleka Ufaransa mwaka 1665; na Mozart akamtungia muziki mwaka 1787 katika mji wa Prague, katika mchezo ambao mtumishi wa mkware yule anafungua daftari na kumsomea mmoja wa walioachwa hesabu ya wenzake: Italia 640, Ujerumani 231, Ufaransa 100, Uturuki 91, na Hispania peke yake 1,003. Katika michezo yote hiyo wanawake hulia, hulaani na kudai kisasi, wala hapana hata mmoja awezaye kumtia mkononi. Hubidi sanamu ya jiwe, ya mzee ambaye Don Juan alimwua, iinuke, imshike mkono na kumteremsha motoni. Watunzi wale hawakuwa wavivu wa fikira. Katika zama zao mwanamke hakuwa na cheo ambacho kwacho angaliweza kumwadhibu mwanamume mwenye nasaba na upanga, kwa hiyo adhabu ilikuwa haina budi kutoka ahera. Murphy na wenzake hawakuihitaji sanamu, kwa kuwa baina ya zama zile na mwaka 1992 lilikuwa limetokea jambo la kawaida kabisa: mwanamke alikuwa amepata ofisi, na ndani ya ofisi ile alikuwa na kauli ya nani apandishwe na nani apewe likizo.

Jinsi kauli hiyo inavyomfikia Marcus ni ustadi wa hadithi hii. Kampuni yake inaungana na nyingine, na bibi wa umri mkubwa aitwaye Lady Eloise, anayechezwa na Eartha Kitt kwa sauti yake ile ya paka aliyeshiba, anaonekana kuwa ndiye mwenye mamlaka yote. Marcus anaamini kwamba njia ya cheo inapita chumbani kwa bibi huyo. Anaipita, kwa uso wa mtu anywaye dawa chungu. Kisha anafahamishwa kwamba Lady Eloise ni jina na picha ya kampuni tu, hana kauli yoyote katika uendeshaji wake, na kwamba kile cheo alichokitamani amekwisha kupewa mwanamke aitwaye Jacqueline Broyer. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Marcus ameuza kile alichokuwa akikiita silaha, na amelipwa hewa.

Jacqueline, anayechezwa na Robin Givens, ni kufu ya Marcus kwa kila kipimo: uzuri kwa uzuri, akili kwa akili, mavazi kwa mavazi, na, kwa bahati mbaya ya Marcus, ukavu wa moyo kwa ukavu wa moyo. Marcus anamwandalia chakula cha jioni nyumbani kwake, na bibi anakuja lakini macho yake yako kwenye mpira wa kikapu katika televisheni. Wanasafiri kikazi mpaka New Orleans, na huko lililokuwa likingojewa linatokea. Walakini baada ya hapo ni Jacqueline ambaye ana shughuli zake, ni Jacqueline ambaye hana haja ya maelezo, na ni Marcus ambaye ameanza kuitazama simu. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Mtu aliyekuwa akingojewa siku zote amegeuka kuwa mngojaji. Analalamika kwamba hathaminiwi, kwamba anatumiwa, kwamba hapana mazungumzo. Na maneno hayo, ambayo yeye mwenyewe aliyasikia mara nyingi huku akitafuta viatu vyake, sasa yanamtoka kinywani pasina kujua ameyarithi wapi. Kazi yake nayo inaharibika. Tangazo la marashi mapya, alilokabidhiwa kulisimamia, linakuwa kituko kitupu, na Jacqueline anamtaka apumzike kidogo nyumbani, kwa ule upole wa ofisini ambao huumiza kuliko matusi.

Marashi hayo, ili nisimsahau mtu muhimu, yanahusu mwanamitindo mmoja aitwaye Strangé, ambaye Grace Jones anamcheza kwa nguvu inayotisha: anawasili kazini katika gari la vita la kale linalokokotwa na wanaume, na katika mkutano mmoja anatoa shauri juu ya harufu ya marashi yale ambalo gazeti lisomwalo na watoto haliwezi kulirudia. Strangé ndiye anayemtaka Marcus kwa sauti kubwa katikati ya mkahawa, na anapokataliwa anauliza, mkahawa mzima ukisikiliza, ni mwanamume gani awezaye kumkataa yeye. Ni kichekesho kikubwa, na ni Marcus yule yule wa mwanzo aliyevalishwa gauni: mtu asiyeweza kuelewa kwamba mwenziwe ana haki ya kusema hapana.

Sasa nauliza, Jacqueline amemkosea nani? Hakumwahidi Marcus ndoa, hakumwambia uongo juu ya nafsi yake, wala hakumfunua shuka amhesabu vidole. Alifanya kazi aliyoajiriwa, akastarehe na mtu mzima mwenye hiari yake, akaenda zake. Kila alichokitenda, Marcus alikuwa amekitenda kabla yake, tena Marcus alikitenda kwa ghilba, ilhali Jacqueline alikitenda kwa uwazi. Walakini muulize mtazamaji yeyote barazani, naye atakuambia kwa tabasamu kwamba Marcus ni kiwembe, kisha atakuambia bila ya tabasamu kwamba Jacqueline ni mwanamke mbaya. Tendo ni moja na mizani ni mbili. Huko Marekani wapo waliokwisha kumhukumu hata kabla taa za ukumbi hazijazimwa, kwa kuwa Robin Givens alikuwa ametoka katika ndoa fupi na bondia Mike Tyson, iliyofungwa mwaka 1988 na kuvunjika mwaka uliofuata, na magazeti yalikuwa yamemwandama kwa shutuma kana kwamba bondia alikuwa ni yeye. Waliompa kazi hii bila shaka walijua kwamba chuki ya watazamaji itakuwa imelipiwa tiketi pamoja nao.

Waandishi wa Marekani walikuwa na lawama nyingine, nami nitaigusa kwa kupita tu. Baadhi yao walishangaa kuiona kampuni kubwa ambayo wakuu wake na watumishi wake karibu wote ni watu weusi, wakasema kwamba dunia ya namna hiyo haipo. Murphy akajibu kwa barua katika gazeti la Los Angeles Times. Mji huo wa Los Angeles ulikuwa umeungua moto mwezi wa Aprili mwaka ule ule, baada ya mahakama kuwaachia askari waliompiga Rodney King, na mtu angalidhani kwamba baada ya habari zile picha ya watu weusi waliovaa vizuri na kugombania mapenzi ingalikuwa ni pumziko. Mamia ya filamu za mapenzi ambazo ndani yake hapana mtu mweusi hata wa kufungua mlango hazikuulizwa swali hilo. Filamu yenyewe, kwa hakika, haikuwa kipofu: Tyler, rafiki wa Marcus anayechezwa na Martin Lawrence, anaufasiri mchezo wa mipira ya meza ya kijani kuwa njama, kwa kuwa mpira mweupe ndiwo uisukumao yote mingine na mweusi ndiwo wa mwisho kutumbukizwa, tunamcheka, na mara tunamwona Marcus na rafiki zake wawili dukani, mhudumu akiwatazama kama watu wasio na uwezo wa kununua. Wahakiki walihangaika na rangi ya ofisi, na kwa kuhangaika huko hawakumtazama sawasawa mtu aliyestahili kutazamwa, naye ni Angela.

Angela Lewis anachezwa na Halle Berry, ambaye wakati ule hakuwa na jina kubwa. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Machi 2002, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Oscar ya mchezaji bora wa kike. Angela anafanya kazi katika kampuni ile ile, na katika nafasi yake anawafundisha watoto sanaa ya kuchora. Kwanza anakutanishwa na Gerard, rafiki mwingine wa Marcus, yule mpole anayechezwa na David Alan Grier, lakini mambo yao hayashiki moto. Yapo maandalizi mazuri ya chakula cha Sikukuu ya Shukrani nyumbani kwa Marcus, ambapo wazazi wa Gerard wanamfedhehesha mtoto wao kama wazazi wa kweli, baba akieleza kwa fahari jinsi kila kipande cha nguo yake kilivyooana na kingine, mpaka bitana ya koti na mkanda. Wageni wanaondoka, vyombo vinabaki, Marcus na Angela nao wanabaki. Kutoka hapo tunaamini kwamba Marcus amebadilika, kwa sababu filamu inatuambia tuamini.

Kisha Jacqueline anamwita tena, na Marcus anakwenda. Haendi kwa kudanganywa, haendi kwa kulazimishwa. Anakwenda kwa miguu yake, ilhali Angela yuko nyumbani. Asubuhi anarudi na uso wa mtu anayetumaini kuulizwa swali rahisi, na Angela anamwambia maneno ambayo maana yake ni kwamba kama yangalikuwapo mapenzi, yangalimrejesha nyumbani usiku ule. Halle Berry anayasema maneno hayo bila ya kuyapamba, kwa hasira ya mtu aliyejionea haya kwa kuamini, na kibao anachompiga mwanamume yule hakichekeshi hata kidogo. Katika filamu nzima hiyo ndiyo dakika pekee ambayo mtu anaumia kweli. Nami hapo ndipo niliposhikwa na shaka yangu: kile kilichorushwa na Marcus miaka yote hiyo, na ambacho jina la filamu linatuahidi kwamba kitamrudia mrushaji, kilimgonga Angela, ambaye hakuwa amemrushia mtu kitu.

Marcus yeye amelipa nini? Kazi hakufukuzwa. Nyumba yake nzuri anayo. Gerard alimnunia, kisha akasamehe. Jacqueline, yule mwanamke ambaye angalikuwa adhabu yake, mwishowe ndiye anayemtaka, na Marcus ndiye anayepewa fahari ya kumwacha. Kisha anamfuata Angela pale anapowafundisha watoto, anasema maneno mazuri, na Angela anampokea. Mwosha ameoshwa, ndiyo, lakini ameoshwa kwa marashi, akafutwa kwa taulo safi, akavalishwa, na akakabidhiwa mwanamke mwema kuwa zawadi ya kuvumilia maji.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba hii ni komedi, na kwamba kanuni ya komedi tangu kale ni kuwaunganisha wapendanao kabla ya taa kuwashwa. Kanuni hiyo haina nguvu kama inavyodhaniwa. Shakespeare, ambaye hawezi kutuhumiwa kwamba hakuijua kazi yake, aliandika katika miaka ya 1590 mchezo uitwao Love's Labour's Lost, ambao ndani yake vijana wanne wenye majivuno wanajipurukusha na mapenzi, kisha wanaangukia mikononi mwa mabibi wanne wenye akili kuwazidi. Na mwisho wake mabibi hao hawakubali ndoa. Wanawaambia waposaji wangoje miezi 12 kwanza, na yule mwenye ulimi mkali kuliko wote anaamriwa aupitishe mwaka huo akiwachekesha wagonjwa mahospitalini, ili ajue kicheko chake kina thamani gani mbele ya watu wenye maumivu. Mchezo huo ni komedi, unachekesha mpaka leo, na unafungwa bila ya harusi. Sisi watu wa pwani tunaijua eda ya mwanamke, na tunajua kuihesabu siku kwa siku. Sijapata kusikia mwanamume aliyewekwa eda ya uhuni wake, lakini Angela alikuwa na kila haki ya kumwekea Marcus, na watoto wa darasa lake wangalimpa kazi ya kutosha ya kufua brashi za rangi.

Filamu ilipata zaidi ya dola milioni 130 duniani, kwa hiyo wenye mali hawakuwa na sababu ya kujuta. Muziki wake ulisafiri mbali kuliko picha yenyewe: wimbo wa Boyz II Men uliotoka humo, End of the Road, ulikaa wiki 13 juu ya orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani, ukaivunja rekodi ya Elvis Presley ya mwaka 1956. Lakini ninaoutaja kwa makusudi ni mwingine. Maneno yale ya hasira ya Angela yalifanywa wimbo na Babyface na wenzake, wakamkusudia Anita Baker, naye kwa kuwa alikuwa mja mzito hakuweza. Wakampa msichana ambaye bado hakuwa na albamu yake mwenyewe, Toni Braxton, na kwa wimbo huo akaanza safari yake ya kuimba peke yake. Katika wimbo huo hapana suluhu ya darasani. Mwanamke anasema lake, na muziki unamwunga mkono mpaka mwisho.

Atakayeitazama tena Boomerang, na inafaa itazamwe, maana Murphy hajapata kuchekesha kwa unyenyekevu kama alivyofanya humo, namwomba afanye jambo moja: aizime pale Angela anapomaliza kusema. Dakika zinazofuata ni za kumfariji Marcus, na Marcus hakustahili faraja hiyo, angalau kwa mwaka mmoja.